Nilivyotumwa Nyeri Kuulizia Viwanda

Nilitumwa kwa sababu ya mdomo wangu. Kikundi chetu cha wakulima wa nyanya hapa Taveta kilikuwa kimegawanyika pande mbili, na kaka yangu Mwakio, ambaye ndiye mwenyekiti, alikuwa ameshachoka kujibu maswali yangu mkutanoni. Muuzaji mmoja wa mashine alikuwa amekuja na gari jeupe, akatutandazia picha ya mtambo wa kusaga nyanya ziwe sosi, wenye bomba la shingo ndefu na vitufe vitatu vyekundu, unang'aa kama sufuria mpya ya harusi. Alisema tukiupata, hatutatupa tena nyanya mitaroni msimu ukifurika. Ili tuupate, ingetubidi tuuze ekari mbili za kikundi zilizo kando ya chemchemi, ardhi pekee tuliyo nayo kwa pamoja. Angerudi mwisho wa mwezi kuchukua jibu.

"Watu wa Nyeri na Kirinyaga walikuwa wakulima kama sisi," Mwakio alisema. "Leo ukigeuka huku ni kiwanda, ukigeuka huku ni kiwanda. Wenzetu wameamka."

"Nini kiliwaamsha?" nikauliza.

"Wakesho, kama unataka sana kujua, nenda ukawaulize!"

Watu wakacheka. Nikasema nitakwenda. Nimestaafu ualimu, watoto wamejitegemea, na huko Nyeri nina Wangari, rafiki tuliyelala naye chumba kimoja chuoni tukiwa wasichana. Nilimwona Mwakio akijuta kabla hata sijakaa chini. Nikaiomba ile picha ya mtambo, nikaikunja, nikaitia mkobani.

Jumatatu saa nne asubuhi nilishuka Kenol. Wangari alikuwa amesimama kando ya pikapu yake kuukuu iliyojaa miche ya avokado, kwa maana tangu astaafu amekuwa muuza miche, na hakuna mji kuzunguka Mlima Kenya ambao hajaupelekea mti. Hata salamu hakunipa kwanza. Alinitupia koti.

"Vaa hiyo. Huku Julai haina mchezo."

Mimi ni mtu wa joto. Nililivaa koti lile siku hiyo na sikulivua mpaka niliporudi kwangu.

Kenol ni njia panda. Magari ya Murang'a, ya Sagana, ya Nyeri, yote hupita hapo yakienda na kutoka Nairobi. Wangari alinipeleka kwenye banda la mabati ambamo mtu aitwaye Karanja alikuwa akitengeneza mashine za kukatia nyasi za ng'ombe. Zilikuwa zimepangwa nje kwa mstari, zimepakwa rangi ya kijani, na harufu ya rangi ilikuwa bado mbichi. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha.

"Hakuna mtu," alisema, akijipangusa mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Babangu alikuwa anatengeneza springi za lori hapa. Gari ikiharibika kwa hii njia, inaharibikia hapa. Mimi nikaona springi mzee inakata vizuri kushinda panga. Nikaifanya kisu ya mashine."

"Na nani alitaka mashine ya kukata nyasi?"

Alinitazama kama mwanafunzi aliyekosa swali rahisi. "Mwalimu, zamani shamba ilikuwa kubwa, ng'ombe inajitafutia. Saa hii baba amegawia watoto wake sita. Kila mtu ako na kipande kidogo, ng'ombe inakaa kwa banda, nyasi inaletwa. Nani ako na taimu ya kukatakata na panga?"

"Na hao watoto sita, wote wanafuga?"

"Hawa wawili ni kati yao," alisema, akiwaonyesha wanaume wawili waliokuwa wakichomelea vyuma. "Shamba haikutosha, wakakuja barabara."

Mmoja wao aliinua kioo chake cha kujikinga macho akanipungia mkono. Nikatoa daftari. Nilikuja nikidhani nitaambiwa habari za serikali na mabenki, na huenda nazo zimo, lakini ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na springi ya lori, ng'ombe aliyefungiwa, na ndugu wawili waliokosa pa kulima.

Saa nane mchana tuliingia Kagio. Nyanya! Nimezaliwa katika nyanya, lakini sikuwa nimeziona zimepangwa vile, kreti juu ya kreti, kubwa peke yake, za wastani peke yake, huku malori yakirudi nyuma kwa honi na wachukuzi wakipiga mbinja ili wapishwe. Wangari alikuwa na miche ya kumpelekea mama mmoja mfanyabiashara, Mama Muthoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alitukaribisha chai na nduma nyumbani kwake, hatua chache nyuma ya soko. Nilipomweleza kilichonileta, nikaitoa ile picha.

Akaitazama. Akaisogeza mbali kidogo, maana hakuwa na miwani, akaitazama tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Kuja," alisema. "Kuja nikuonyeshe kitu."

Tulizunguka nyuma ya nyumba. Chini ya paa la mabati lililoinama ulikuwepo mtambo wenyewe, ule ule, na lile bomba lake la shingo ndefu na vile vitufe vitatu vyekundu. Kuku walikuwa wamelala ndani ya pipa la kusagia. Jogoo alisimama juu ya injini, akatukazia jicho kama askari wa lango.

Nilicheka pia, siwezi kukana. Halafu kicheko kikanikauka.

"Uliharibika?" nikauliza.

"Mashine haikuwa mbaya. Ilisaga vizuri sana, ati watu walikuwa wanakuja kuangalia tu. Lakini nyanya ikiwa na bei, watu wanapeleka soko, mashine inalala njaa. Bei ikianguka, wote wanaleta siku moja, nusu imeoza, mashine inashindwa. Nikatafuta chupa, hakuna mtu wa chupa karibu. Halafu mpira moja ya ndani ikapasuka. Kitu kidogo kama pete. Ati tuingoje kutoka ng'ambo. Tuliingoja mpaka kuku wakaingia."

Nikamwuliza aliinunua kwa njia gani. Aliokota manyoya yaliyokuwa juu ya kitufe kimoja.

"Mzee wangu aliniachia ploti kando ya barabara," alisema. "Nikauza. Saa hii kuna petroli stesheni hapo. Kila siku naipita nikienda soko."

Wangari alimshika begani. Tukasimama hivyo kidogo, wanawake watatu na kuku.

Kisha Mama Muthoni akavuta pumzi, akatupeleka upande wa pili wa ua. Huko maseremala watatu walikuwa wakigongelea masanduku ya mbao kwa kasi ya ajabu. Kila nyanya inayotoka Kagio inahitaji sanduku, alisema, na sanduku halirudi, kwa hiyo kesho linatakiwa jingine. Mbao zinatoka milimani, misumari iko dukani, seremala akiugua yupo mwingine. Alikuwa akisambaza mpaka masoko ya mbali. "Hii ndiyo kiwanda yangu," alisema. "Na hakuna mtu aliniletea picha yake."

Jioni, tukipanda kwenda Nyeri, nilimpigia Mwakio simu nikamweleza.

"Picha za mashine zote zinafanana," akasema.

"Kaka, nimeigusa. Ina vitufe vitatu vyekundu."

"Huyo mama hakujua kuiendesha. Sisi tutajua." Akakata.

Nilikasirika hata sikuiona barabara. Wangari aliniacha ninung'unike mpaka Karatina, ndipo akaniuliza kama nimemaliza.

Jumanne asubuhi ukungu ulikuwa umeimeza Nyeri yote. Wangari alinipeleka chini ya kigongo, kile kilima kirefu cha kwao, mtoni, kwenye kiwanda cha kahawa cha wakulima. Msimu ulikuwa umepungua na palikuwa kimya, ila maji yalipita mferejini na mlinzi alikuwa akianua matandiko ya nyavu kwenye meza ndefu za kuanikia.

"Bibi yangu alileta kahawa hapa kwa mgongo," Wangari alisema. "Kila kigongo kiko na kiwanda kama hii, karibu na mto. Zilikuwa hapa kabla stima haijafika."

"Kumbe mna viwanda tangu zamani! Basi mji wote huu umetokana na hivi."

"Hapana. Hapa tunamenya, tunaosha, tunakausha, halafu gunia inaenda. Kukaanga ni kwingine, kupakia ni kwingine. Bibi yangu alikufa bila kuonja kahawa yake." Aliokota punje moja iliyosahaulika mezani, akaipa mlinzi. "Lakini pesa ya gunia ndiyo ilinisomesha. Na ndiyo ilisomesha karibu kila fundi unayemwona huko barabarani. Sasa andika unavyotaka."

Nilimwambia ananichanganya. Jana barabara, leo karo ya shule. Ni lipi?

"Wewe unataka jibu moja, kama hesabu ya darasa la nne," alinijibu, na kwa kuwa alikuwa na njaa, tukarudi nyumbani tukala mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Tulipomaliza sahani ya pili tulikuwa tumepatana.

Jumatano, Naro Moru. Mlima ulijitokeza saa tatu asubuhi, kilele cheupe, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha ukajifunika tena. Mwenyeji wetu alikuwa Gichuki, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye miguu ya kupanda milima. Miaka mingi alibeba mizigo ya wageni hadi karibu na theluji. Alianza kukaanga krispi za viazi jikoni kwa mke wake ili wageni watafune njiani. Wageni walipopungua, krispi zikabaki. Sasa ana jengo la mawe, mashine ya kukatia, makarai makubwa matatu, na wanawake kumi na wawili wenye makoti meupe na vitambaa kichwani.

Nilipewa koti na mimi, nikaketishwa kwenye meza ya kuchagua. Kazi yangu ilikuwa kutupa vipande vyenye doa. Nilikuwa nimeanza kujiona hodari wakati taa zilipozimika. Mashine ikakoroma, ikanyamaza.

Nilitarajia kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake wawili waliinuka wakayafunika makarai, wengine wakazamisha viazi vilivyokatwa kwenye maji ya chumvi ili visigeuke rangi, na Gichuki akatoka nje kwenye jenereta. Akavuta kamba. Haikuwaka. Akavuta tena, mara kumi hivi, shati likalowa jasho kwenye baridi ile.

"Kuna oda ya Nanyuki ya kutoka saa nane," mwanamke aliyekaa karibu nami alininong'oneza. Jina lake Nyawira. "Hoteli. Tukikosa leo, watachukua kwa mwingine."

"Na mtafanya nini?"

Aliinuka, akatoka nje, akamwambia Gichuki asogee. Akafungua kifuniko kwa bisibisi aliyoitoa mfukoni mwa koti lake jeupe, akatoa plagi, akaikwangua kwa kipande cha msasa, akaipuliza, akairudisha. Akavuta kamba mara mbili. Jenereta ikaguruma, na ndani wanawake wakashangilia kama timu imefunga bao.

"Nani alikufundisha?" nilimwuliza aliporudi kuosha mikono. Naona swali hilo nililiuliza kila mahali.

"Nilikuwa na posho mill ya kusaga mahindi na bwanangu kijijini. Yeye alikuwa anaenda kuongea na watu, mimi nabaki na injini." Akakausha mikono. "Mtu akizoea injini moja, hizi zingine ni jamaa zake."

Oda ikatoka saa nane kasoro. Tulipoketi kula, nilimsomea Gichuki maneno ya Mama Muthoni. Nilimwuliza anawezaje kupata viazi kila siku wakati mwenzake alishindwa kupata nyanya.

Alicheka. "Mwaka wa kwanza nililia. Viazi zinakuja zote Agosti, halafu hakuna. Na si kila kiazi, ingine ukikaanga inakuwa nyeusi kama kiatu. Nikaenda kwa wakulima, boma kwa boma. Nikawaambia, wewe panda wiki hii, wewe ngoja wiki mbili, wewe wiki nne. Mbegu moja. Walinicheka."

"Walikubali lini?"

"Walipoona nimenunua bei ikiwa juu na nimenunua bei ikiwa chini. Misimu miwili. Mashine ya kukata nilinunua baadaye. Hiyo yote tulikuwa tunafanya na kisu."

Hapo niliweka kalamu chini. Nilirudia maneno yake kichwani: misimu miwili kwa kisu.

Alhamisi tulimalizia Nanyuki, kwa sababu Wangari alikuwa na miche ya mwisho, na kwa sababu alitaka nimwone Bwana Abdi. Ukitoka Naro Moru ardhi inakauka na kufunguka, na mjini unaanza kuona barakashia na mabuibui, ukisikia adhana. Bwana Abdi ni mfanyabiashara wa mifugo, na baba yake alikuwa hivyo kabla yake. Alitukaribisha kwa chai ya tangawizi na chapati, akaniita dada, akafurahi sana kusikia Kiswahili changu. "Huyu anaongea kama redio," alimwambia Wangari.

Kwa miaka mingi alikusanya ngozi kutoka kwa wachinjaji, akazitia chumvi na kuzipeleka mbali zikiwa mbichi. Mwaka mmoja mvua ilikata njia na lori lake likakwama siku kadhaa. Ngozi zikaanza kunuka.

"Wallahi, majirani walitaka kunifukuza mjini," alisema. "Akaja mzee mmoja Mkikuyu, kazi yake kushona matandiko ya farasi kwenye mashamba makubwa. Akasema, nipe ishirini, zisiharibike bure. Akazilowesha na magome ya ule mti wao, muthanduku. Alikuwa amefanya kazi hiyo ujanani. Zikatoka ngozi, dada, nzuri ajabu."

"Basi kumbe ni mvua iliyoleta kiwanda," nikasema.

Bwana Abdi alitikisa kidole. "Mvua inanyesha kila mahali. Mti ulikuwepo, ngozi zilikuwepo, yule mzee alikuwepo na mikono yake. Sisi tulikuwa tunapitana barabarani tu. Yeye Mkristo wa shambani, mimi Mwislamu wa ng'ombe, tulikuwa tunasalimiana na kwenda zetu."

Yule mzee sasa ni marehemu. Wanafunzi wake walikuwa chumba cha pili, vijana Wakikuyu, Wasomali na Wameru, wakikata viatu na mishipi. Bwana Abdi alinipimia kandambili za ngozi pale pale, akakataa kabisa nizilipie. Nikazivaa juu ya soksi, kwa ajili ya baridi. Wangari alinikataza nisimfuate karibu.

Ijumaa nilianza safari ya kurudi, na Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya kikundi. Niliwaeleza yote kwa mpangilio kama ninavyowaeleza hapa. Nilipofika kwa kuku, watu waliangua kicheko, ila si Mwakio.

"Tulikutuma ukaone viwanda," alisema, "umeturudishia banda la kuku."

"Nimeona viwanda, kaka. Hakuna hata kimoja kilichoanza na mashine. Karanja alianza na chuma kilichotupwa. Gichuki alianza na kisu na wakulima waliomcheka. Ngozi zilianza na watu wawili waliokubali kukaa chini pamoja. Mashine zilikuja, tena nzuri, lakini zilikuta watu wameshashikana na wanajua wanachotaka zifanye. Mama Muthoni alikuwa na mashine, hakuwa na hayo mengine. Na sasa hana ploti."

"Kwa hiyo tukae maskini tukisubiri kushikana?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nilisema tupande kwa zamu, mbegu moja, na kila Alhamisi kila mtu alete nyanya zake kwenye kibanda kilicho kando ya shule, zichaguliwe, zitoke kwa jina moja. Tufanye hivyo misimu miwili. Tukiweza, tununue mashine, hata ile ile ya picha. Tukishindwa, tutakuwa tumejua bila kuuza chemchemi.

Tulipiga kura kwa mikono. Hoja yangu ilipita kwa tofauti ya mikono mitatu tu. Mwakio alichukua kofia yake akaondoka kabla ya sala ya kufunga, na muuzaji alipokuja mwisho wa mwezi, alimpokea mwenyewe langoni, akamweleza kwa ufupi, akamrudisha. Hilo nalisema kwa heshima yake. Lakini mimi hakunisemesha.

Alhamisi ya kwanza walileta wachache, na nusu ya nyanya zilikuwa mbovu. Ya pili tuligombana juu ya ukubwa. Ya tatu lori la Voi lilitukuta tayari, likapakia, likaondoka kabla ya jua kali, na dereva akauliza kama wiki ijayo tutakuwepo.

Alhamisi ya tano, tukiwa karibu kumaliza, nilisikia mkokoteni. Mwakio alikuwa akiuvuta mwenyewe, kreti nane, nyanya zimepangwa kubwa peke yake na za wastani peke yake. Alisimama mlangoni akihema, akaziangalia za wenzake, kisha za kwake.

"Za kwangu zinawekwa upande gani?" aliuliza.

Nikamwonyesha.